Maswali ya Wasomaji: Kigugumizi Kazini na Mbele za Watu

Mwezi uliopita tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu kigugumizi. Barua nyingi zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: nifanye nini nisikwame? Kwa mtu mzima aliye nacho tangu utotoni, kukwama kwenyewe mara nyingi hakuishi kabisa, na anayekuahidi kwamba kutaisha kwa wiki mbili anataka fedha zako. Kinachopungua sana kwa mazoezi ni ile nguvu unayotumia kupigana nacho na kukificha. Nguvu hiyo ndiyo inayochosha, ndiyo inayofanya mtu akatae kupandishwa cheo, na ndiyo tutakayoishughulikia zaidi. Majina ya waandishi hatukuyaweka.

Barua inayotangulia

SWALI: Mume wangu ana miaka 54 na hajawahi kuwa na kigugumizi. Tangu juzi anarudiarudia maneno, mengine hayatoki. Anasema ni uchovu wa safari. Afanye mazoezi gani? – Mke, Iringa

JIBU: Mama, hapa hakuna zoezi. Tulikwisha kukujibu moja kwa moja. Tunaichapa barua hii kwa ajili ya wengine. Kigugumizi cha kawaida huanza utotoni, aghalabu kati ya miaka 2 na 5. Kikizuka ghafla ukubwani, chanzo chaweza kuwa kiharusi, jeraha la kichwa, kifafa au dawa mpya, na wakati mwingine mshtuko mkubwa wa nafsi. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo pamoja na dawa zote anazotumia. Kama na mdomo umelegea upande mmoja, au mkono mmoja hauinuki sawa na mwenzake, usingoje hata saa moja.

Taarifa ya fedha mbele ya wanachama

SWALI: Mimi ni mhasibu wa SACCOS mkoani Morogoro. Kila mwezi nasoma taarifa ya mapato na matumizi mbele ya bodi, na karibuni kuna mkutano mkuu wa wanachama. Nikiwa na mwenzangu ofisini naongea vizuri tu. Nikisimama, jina langu halitoki, "milioni" haitoki, "mkopo" ndiyo kabisa. Huwa nabadilisha maneno. Badala ya "mkopo" nasema "ile fedha iliyotolewa", hadi mwenyekiti akaniuliza kama nimeielewa taarifa yangu mwenyewe. Kila mtu ananiambia nivute pumzi ndefu. Je, ni sahihi? – Mhasibu

JIBU: Tuanze na pumzi, maana ushauri huo unawaharibia wengi. Tunasema kwa hewa inayotoka. Mtu akijaza kifua, kisha akaizuia hewa hiyo huku akingoja ujasiri, nyuzi za sauti kooni hujifunga vilevile zinavyojifunga mtu anapoinua gunia. Halafu anataka neno lipite hapo hapo. Pumzi inayotosha ni ile ile unayotumia kuongea na mwenzako ofisini. La muhimu ni neno lianze hewa inapoanza kutoka, bila kituo katikati. Kosa la pili ni kinyume chake: kushusha pumzi yote kwanza, kisha kusema kwa hewa ya mwisho iliyobaki. Jisikilize nyumbani ujue wewe uko upande gani.

Sasa maneno yenyewe. Jina lako halina mbadala, na unajua wazi kwamba usipolitoa mara moja watu watashangaa. Ndiyo maana jina ni gumu kwa karibu kila mwenye kigugumizi. "Mkopo" limekuwa gumu kwa sababu umelikimbia mara nyingi. Kila ukilikwepa unapata nafuu ya dakika moja, na hofu ya neno lenyewe inaongezeka. Baadaye unalikwepa na "mkataba", kisha "mkutano". Na gharama umeiona: mwenyekiti hakusikia kigugumizi, alisikia mhasibu asiyejua kazi yake. Hilo ni baya zaidi. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza, kabla ya mbinu yoyote, ni kwamba mkopo utaitwa mkopo hata ukichukua sekunde tano.

Mbinu ya kushughulikia neno lililokwama ina hatua tatu, na mpangilio wake uliandikwa na Charles Van Riper, mtaalamu wa Marekani (1905–1994) aliyekuwa mwenye kigugumizi yeye mwenyewe. Zifuate kwa zamu, wiki mbili kwa kila hatua, dakika 15 kwa siku ukisoma gazeti kwa sauti na ukiongea na watu wa nyumbani.

Hatua ya kwanza ni ya baada ya neno. Umekwama, ukasukuma, neno likatoka kwa shida. Nyamaza kama sekunde tatu. Kumbuka ulibana wapi: midomo, ulimi au koo. Kisha lirudie neno lile lile polepole kwa mwanzo mlaini, ndipo uendelee. Hatua ya pili ni ya ndani ya neno: unapojikuta umebanwa, usisukume na usirudi nyuma kuanza upya. Baki hapo hapo, legeza ule mbano taratibu, uache sauti ianze kutoka hata kama inavutika, uingie silabi inayofuata. Hatua ya tatu ni ya kabla ya neno: unaliona linakuja, unaweka mdomo mahali pake bila kubana, unaingia. Wengi wanataka kuanzia hii ya tatu kwa sababu ndiyo inayopendeza. Haishiki, kwa sababu hawajajua wanabana wapi.

Chukua "mkopo" kwa karibu. Ukikwama, midomo imebanwa kwa nguvu na sauti haijaanza. Igusanishe kidogo tu, uache sauti ya puani itangulie, "mmm", ndipo uende kwenye "kopo". Katika Kiswahili hiyo m ni silabi kamili peke yake, kwa hiyo ukiivuta kidogo hakuna atakayeona ajabu. Kwenye "ko", nyuma ya ulimi iguse kaakaa kwa wepesi kiasi kwamba hewa inavuja kidogo. Mguso mwepesi kama huo ndio wa kutumia kwenye p, b, t, d na g pia. Kwa maneno yanayoanza na irabu, kama "asante" au "elfu", acha hewa kidogo itangulie, iwe karibu na "h" hafifu, halafu irabu.

Kuna zoezi moja watu hulikataa, nasi tunalisisitiza: kugugumia kwa makusudi. Dukani, kwa neno usiloliogopa, sema "na-na-naomba sukari" kwa ulaini, ukimtazama muuzaji. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Kwenye daladala pia, mahali ambapo wengi hupitishwa kituo kwa sababu "shusha" haikutoka: anza mapema, mita mia kabla, "shhhusha". Shabaha ni ubongo uzoee kwamba neno linaweza kurudiwa na hakuna kilichoharibika.

Karatasi ya taarifa iandike upya kwa herufi kubwa, nafasi pana kati ya mistari, na uweke mkwaju (/) kila baada ya maneno matatu hadi matano, mahali maana inapopumzika: "Mapato ya mwezi huu / ni shilingi milioni kumi na nane / laki nne / na elfu sabini." Penye mkwaju unasimama kweli na kuvuta hewa kidogo. Mfalme George VI wa Uingereza, naye mwenye kigugumizi, aliposoma hotuba ya redio ya tarehe 3 Septemba 1939, alikuwa na karatasi iliyotiwa alama za vituo na Lionel Logue, aliyemfundisha tangu 1926, naye Logue alikuwa chumbani humo. Vituo vile wasikilizaji walivisikia kama uzito wa maneno.

Isome kwa sauti yote mara tano, asubuhi ya mkutano na si wiki iliyotangulia. Mtu akirudia maandishi yale yale, kukwama hupungua kila mara, na punguzo kubwa liko katika mara hizo za mwanzo. Lakini athari yake haidumu, hufifia baada ya saa chache.

Siku yenyewe, sema mapema, kabla ya takwimu: "Nina kigugumizi. Nikikwama nipeni sekunde chache, nitamalizia." Basi. Usianze na "samahani" wala "mnivumilie". Tafiti zimeonyesha kwamba wasikilizaji humpokea vizuri zaidi anayesema jambo hili waziwazi bila kuomba radhi kuliko anayelalamika au kujidharau. Na faida kubwa zaidi ni yako: ukishasema, hakuna tena cha kuficha, na sehemu kubwa ya mbano huondoka nacho. Kama kuna kipaza sauti, fika mapema ukijaribu. Katika kumbi zenye mwangwi sauti inakurudia kwa kuchelewa, jambo ambalo humlegeza mmoja na kumvuruga mwingine. Ni vizuri ujue wewe ni yupi kabla wanachama hawajaketi.

Qur'ani yatoka, mawaidha hayatoki

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi hufundisha madrasa hapa Mombasa. Nikisoma Qur'ani sikwami hata herufi moja. Nikianza kueleza, au nikitakiwa kutoa mawaidha baada ya swala, nakwama mpaka wanafunzi wanacheka. Kama ulimi ni huo huo mmoja, mbona hivi? – Ustadh

JIBU: Waaleikum salaam, Ustadh. Ulimi hauna kasoro, na hali yako yenyewe ni ushahidi. Karibu wote wenye kigugumizi hawakwami wakiimba, wakisoma kwa pamoja na wenzao, wakinong'ona, au wakiongea na mtoto mchanga. Kisomo kina mambo manne yanayosaidia kwa wakati mmoja: maneno yanajulikana, mahadhi yanaongoza, sauti inavutwa, na hakuna mtu anayengoja zamu yake ya kukukatiza. Mawaidha hayana hata moja kati ya hayo. Mtu anatunga, anachagua maneno, anatazama nyuso, yote kwa mara moja. Kigugumizi kinatokana na jinsi ubongo unavyopanga na kuratibu mwendo wa usemi. Hurithiwa pia ndani ya ukoo, na mwaka 2010 watafiti walichapisha jeni za kwanza zilizohusishwa nacho.

Utumie ulichonacho. Tajwidi, yaani kanuni za kusoma Qur'ani, imekuzoesha madda: kuvuta irabu kwa kipimo bila kubana koo. Anza somo kwa aya, kisha bila kusimama itoe tafsiri ya aya hiyo kwa mwendo ulio karibu na ule wa kisomo, irabu ya kwanza ya kila sentensi ukiivuta kidogo. Sentensi mbili tu. Wiki inayofuata nne. Kila mara punguza mahadhi na ubakishe ulaini. Usijaribu kuhutubia moja kwa moja kwa lahani ya kisomo. Watu wataona ajabu, nawe utaiacha siku ya pili.

Kuhusu wanafunzi, wapo tayari na mfano wanaoujua. Katika Surat Taha, aya ya 25 hadi ya 28, Nabii Musa anaomba akunjuliwe kifua na afunguliwe fundo la ulimi wapate kufahamu maneno yake, na watoto wengi huisoma dua hiyo kabla ya somo. Wasomaji Wakristo wanamjua Musa huyo huyo katika Kutoka 4:10, akisema ulimi wake ni mzito. Waeleze mara moja, kwa dakika mbili, kwamba wewe pia una fundo hilo na kwamba ukikwama wangoje. Vicheko vya watoto hulishwa zaidi na kitu kinachofichwa.

Simu za mapokezi

SWALI: Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja Malindi. Mgeni akiwa mbele yangu naweza, lakini simu yanishinda. Nikiinua, kimya. Mpigaji anasema "haloo, haloo", anakata akidhani mtandao umepotea. – Dada wa mapokezi

JIBU: Simuni kimya ni adui kuliko kigugumizi chenyewe, kwa sababu mpigaji hana uso wa kutazama. Sekunde mbili au tatu zinatosha akate. Kwa hiyo lengo lako ni moja: pasiwe na kimya. Mkwamo wa kimya ugeuze uwe sauti inayovutika. "Hhhabari ya asubuhi" inasikika. Mdomo uliofungwa hausikiki. Kama hoteli imeandika salamu inayoanza na jina lake na jina hilo ndilo linalokubana, mwombe msimamizi ruhusa ya kutanguliza "Habari" au "Haloo, karibu". Hilo ni badiliko dogo ambalo mgeni hataligundua. Ila usilipitishe kuwa kinga ya kila neno: watu wengi wameanza na "yaani" moja kama ngazi ya kuingilia sentensi, wakaishia na "yaani, sasa, unajua, kwa kweli" kabla ya kila jambo.

Mazoezi yapange kwa kupanda. Wiki ya kwanza, jumbe za sauti za WhatsApp kwa ndugu, kwa sharti kwamba unatuma ile ile uliyorekodi mara ya kwanza. Ukifuta na kurekodi tena unafundisha ubongo kujificha. Wiki ya pili, simu kwa rafiki anayejua unafanya zoezi. Ya tatu, simu tano kwa siku kwa maduka, kuuliza bei au saa ya kufunga, na katika kila simu gugumia makusudi mara moja. Kazini, simu inayokutisha ipige kwanza asubuhi, usiiache ikuharibie siku. Namba za simu zisome kwa makundi ya tarakimu tatu tatu na kituo katikati. Ukizifululiza kumi zote, ya saba itakukamata.

Usaili

SWALI: Nimemaliza chuo Mwanza, nimeitwa usaili wa mahojiano. Niwaambie nina kigugumizi au ninyamaze? – Mhitimu

JIBU: Hulazimiki kuandika kwenye barua ya maombi. Ndani ya chumba, sema. Jopo lisiloambiwa huona kusita kwako na kujaza maelezo yake lenyewe: hajiamini, hajui jibu, anadanganya. Sema baada ya salamu, kabla ya swali la kwanza, sentensi moja tu kama tuliyompa mhasibu.

"Tueleze kuhusu wewe" litakuja karibu kila mara, kwa hiyo liandae: hoja nne, kama dakika moja na nusu. Uandae hoja, usikariri maneno. Aliyekariri neno kwa neno huliona lile gumu likija kutoka mbali na hofu hupanda njia nzima. Wakikuuliza kama kigugumizi kitakwamisha kazi, jibu kwa vitendo: "Nachukua muda kidogo zaidi kuanza kusema. Taarifa zangu huandaa mapema, na chuoni nilitetea utafiti wangu mbele ya wahadhiri." Taja ulichofanya kweli. Na mjumbe akikumalizia neno vibaya usilikubali ili mambo yaishe. Tikisa kichwa, tabasamu, liseme neno lako. Tumesikia wahitimu waliokubali kwamba walisoma kozi wasiyoisoma.

Salamu ukweni

SWALI: Naenda kujitambulisha kwa wazee wa mchumba wangu huko Tanga. Naogopa "shikamoo". Ikichelewa nitaonekana sina adabu. – Kijana

JIBU: Kaka, hofu yako ina msingi, salamu ina wakati wake, na mzee aliyepitwa bila shikamoo hukumbuka. Mpe mshenga kazi hii: awaambie wazee kabla hujafika, "kijana wetu ana kigugumizi, akinyamaza msidhani amemaliza." Hiyo ni sehemu ya kazi yake. Ukifika, sogea karibu, inama, mpe mkono mzee, umtazame, ndipo uanze. Heshima itakuwa imeshaonekana kwa mwili hata sauti ikichelewa. "Sh" ni sauti rafiki, inavutika bila kubana: "shhhikamoo". Usiitumie miondoko kama kichocheo cha kulisukuma neno, kwa mfano kugonga goti au kukaza ngumi. Hivyo husaidia siku mbili, kisha kigugumizi hurudi na goti linaendelea kugongwa.

Mtoto wa miaka minne

SWALI: Mwanangu wa kiume amefikisha miaka minne. Kwa miezi mitatu sasa anasema "ma-ma-ma-mama nataka", siku nyingine hana kabisa. Bibi yake anasema akatwe chini ya ulimi. Mwalimu wa chekechea anasema tuache kilugha na Kiswahili nyumbani, tuongee Kiingereza tu. – Mama, Arusha

JIBU: Mama, usikate na usiache. Ukano wa chini ya ulimi ukiwa mfupi unaweza kumsumbua mtoto kunyonya au kutamka baadhi ya sauti, hauleti kigugumizi. Mwenyewe umesema siku nyingine hana kabisa. Ulimi uliofungwa haufunguki Jumanne ukajifunga Jumatano. Ukali kwa mgonjwa huyu mdogo pia si dawa, wala kumshtua, wala kumcheka. Na lugha mbili au tatu hazisababishi kigugumizi. Ukimnyang'anya lugha anayoongea na bibi yake umempunguzia watu wa kuongea nao.

Takriban mtoto 1 kati ya 20 hupitia kigugumizi, na wengi wao, kama watatu kati ya wanne au zaidi, hukiacha wenyewe. Kwa watu wazima hubaki kama mtu 1 kati ya 100, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Usisubiri kama kimepita miezi sita, kama katika ukoo yupo mtu mzima mwenye kigugumizi, au kama unaona mtoto anakaza uso, anafumba macho, au anasema "siwezi" na kuacha. Hapo tafuta mtaalamu wa tiba ya usemi. Ni wachache kwetu, ingawa Chuo Kikuu cha Makerere kinawafundisha. Anzia hospitali ya rufaa, idara ya masikio, pua na koo, uulize. Wapo wanaofanya kazi na wazazi kwa simu ya video. Kwa watoto chini ya miaka sita kuna njia iitwayo Lidcombe, iliyotengenezwa Sydney, Australia, ambamo mzazi ndiye mtendaji wa kila siku na mtaalamu humwongoza. Usiifanye kwa kuisoma tu mtandaoni.

Wakati huo, nyumbani: dakika tano kila siku za kuwa naye peke yake, bila simu, yeye akiongoza mchezo. Punguza mwendo wa kusema kwako wewe, si kwake. Akimaliza, hesabu moja kimoyomoyo kabla ya kujibu. Mezani aongee mmoja mmoja. Usimwambie "sema polepole", "tulia", "anza tena". Akikwama mtazame usoni kama kawaida, ungoje, ujibu alichosema. Akiuliza mwenyewe, mwambie, "neno limekwama kidogo, hutokea, nakusikiliza."

Kama kuna mtu nyumbani anayemkosoa kila neno, mweleze yaliyotokea Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1939. Watafiti wa chuo kikuu waliwachukua watoto yatima waliokuwa wakisema vizuri, wakawaambia kwamba usemi wao una kasoro na wawe waangalifu. Utafiti ulioongozwa na Wendell Johnson ulitaka kuona kama kukosolewa huzaa kigugumizi. Haukuthibitisha hilo, lakini watoto wakawa wanyonge, wengine wakaacha kuongea hadharani. Chuo kiliomba radhi mwaka 2001. Kwa hiyo wewe hukumsababishia mwanao kigugumizi, na hilo uliondoe moyoni. Hofu ya kusema ndiyo inayoweza kufundishwa.

Vidonge na programu za simu

SWALI: Je, kuna dawa? Nimeona pia programu inayokurudishia sauti yako masikioni. – Fundi, Kigoma

JIBU: Hakuna kidonge kilichoidhinishwa kutibu kigugumizi. Vile vya kutuliza mapigo ya moyo hupunguza kutetemeka, havigusi kukwama, na ni hatari kwa mwenye pumu. Programu hizo hukusikilizisha sauti yako kwa kuchelewa kidogo. Baadhi ya watu hulegea mara moja, na kwa wengi wao nafuu hupungua kadiri wanavyozoea. Ijaribu ya bure kabla hujanunua kifaa cha bei kubwa. Pombe tusiijadili.

Kwa upande wa bosi

SWALI: Nina kijana hodari ofisini, ana kigugumizi. Nimezoea kummalizia maneno ili asiaibike. Kuna njia bora? – Msimamizi, Dodoma

JIBU: Ipo, na ya kwanza ni kuacha kummalizia, hata unapojua neno. Wala usimwambie atulie. Hakukwama kwa kukosa utulivu. Mtazame machoni kama unavyomtazama mwingine yeyote, umwache afike. Mtu akimkatiza kikaoni, sema "tumsikilize amalize", kisha endelea na ajenda bila kulifanya jambo.

Muulize faraghani, mara moja, anapenda nini. Usimwamulie kwamba asiwasilishe. Wasimamizi wengi humwondolea mtu hotuba kwa huruma, na baada ya miaka mitatu wanasema hana uzoefu wa kuongoza. Mpe dakika 15 mahali wengine wana 10. Kwenye vikao vya kujitambulisha kwa kuzunguka meza, kusubiri zamu ndiko kunakombana, kila jina linalokaribia linaongeza. Muulize kama angependa kuanza yeye, au orodha ya majina igawiwe kwenye karatasi na mzunguko ufutwe.